Makofi kwa Mwalimu Elikana

Nchi ya Shangweni msiitafute kwenye ramani. Mchora ramani alifika mpakani, akamkuta ofisa anakunywa chai, akaambiwa arudi Jumatatu, na hadi leo hajarudi. Lakini nchi ipo. Ina bendera, ina wimbo, na ina jambo moja ambalo majirani wote wanalionea wivu: haitumii sahihi. Wahenga wa pale waligundua kwamba sahihi huleta ugomvi. Mtu anaweza kuikana, anaweza kuighushi, anaweza hata kufa kabla hajaiweka. Makofi hayana kasoro hizo. Kwa hiyo kila mkataba na kila sheria hupitishwa kwa makofi, na mbele ya kila mkutano huketi Karani wa Makofi, mwenye kofia nyekundu na chombo cha kupimia sauti. Ukipiga makofi, umeridhia. Uliyapiga kwa sababu gani, hilo ni lako na moyo wako.

Wananchi wanaijua sheria hiyo tangu utotoni. Mama wa Shangweni humfundisha mwanawe kutembea, kisha humfundisha kuikalia mikono yake.

Mwalimu Tunu Kizota aliijua kuliko wengi. Alifundisha kompyuta katika Shule ya Wasioona ya Kwamtima, mwanamke mkimya wa miaka arobaini na mitano, mvaaji wa sweta hata wakati wa joto. Darasa lake lilikuwa na kompyuta kumi na nne ambazo benki moja ilizitoa sadaka baada ya kuona aibu kuzitupa. Hazikutumia mfumo wa Kufuli na Wana, ile kampuni ya ng'ambo iliyotengeneza karibu kila mashine nchini. Mfumo wa Kufuli na Wana ulikuwa mzuri sana, ila haukujua Kishangweni. Ukiupa barua ya Kishangweni iliyoandikwa na mama mzazi, uliisoma kama mtu anayetafuna changarawe.

Kompyuta za Kwamtima zilitumia mfumo huria, ule ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuusoma, kuurekebisha na kumgawia jirani bila kuomba ruhusa. Na kwa kuwa uliruhusu kufunguliwa, watu watatu waliufungua wakautia ulimi. Wa kwanza alikuwa Tunu. Wa pili mdogo wake, Elikana, mwalimu wa historia hapo hapo shuleni. Wa tatu rafiki yao Fidelis Mkombola, ambaye aliijua kompyuta kama mpishi anavyokijua chungu chake. Sauti aliitoa Elikana. Kwa miezi minne alijifungia kwenye stoo ya magodoro, mahali pekee palipokuwa kimya, akayasoma maneno elfu sita mbele ya kinasa sauti. Herufi ya M yote ilibidi airudie kwa sababu jogoo wa mpishi alikuwa amewika ndani yake.

Mwaka wa pili baada ya hapo Elikana akafa kwa ugonjwa wa figo. Fidelis ndiye aliyemvika viatu.

Sauti ikabaki. Kila asubuhi Tunu akiwasha kompyuta, mdogo wake alisema, "Karibu. Tuanze." Akawasomea wanafunzi vitabu, akawasahihishia tahajia, akawataka radhi umeme uliporudi baada ya kukatika. Wanafunzi waliendelea kumwita Mwalimu Elikana, na hakuna aliyetanguliza neno marehemu. Tunu hakuwahi kulia mbele yao. Alikaa meza ya nyuma, akasikiliza.

* * *

Basi ikatokea kwamba mashine ya shule ya kuchapa nukta nundu, zile nundu za karatasi ambazo wasioona huzisoma kwa vidole, ilivunjika. Serikali, ambayo haina choyo, ikanunua nyingine kutoka kwa Kufuli na Wana. Ilikuwa kubwa kama jokofu na ililetwa na lori lililopambwa maua. Walipoiunganisha na kompyuta za shule, ikakaa kimya.

Fidelis aliitazama siku nzima, akatoka akijifuta jasho.

"Haina ubovu," alisema. "Inangoja kuamrishwa kwa lugha yake, na lugha yake wameificha."

"Unahitaji nini, Fide?" Tunu akamuuliza.

"Kurasa mbili, dada. Kurasa mbili tu zinazoeleza mashine inaamrishwaje. Wakinipa, naandika kiendeshi kwa wiki moja."

Kiendeshi ni kipande kidogo cha programu kinachokaa kati ya kompyuta na mashine, kama mkalimani kati ya wazee wawili wasioelewana. Pasipo hicho, mashine ni kabati.

Wiki hiyo hiyo ikaja barua ya Wizara. Ilisema kwamba mtihani wa taifa wa watahiniwa thirathini na mmoja wa Kwamtima utachapwa kwa mashine mpya. Iwapo hadi siku hiyo mashine na kompyuta zitakuwa hazijapatana, itachukuliwa kwamba kosa ni la kompyuta. Mfumo wake utafutwa na kuwekwa ule wa Kufuli na Wana. Tunu aliisoma mara mbili. Wizara ilikuwa imeandika "mfumo". Yeye alisoma "Elikana".

* * *

Jambo hilo liko chini ya Wizara ya Mashine na Methali. Zamani zilikuwa wizara mbili, zikaunganishwa baada ya kubaki gari moja. Tunu na Fidelis walikwenda na ombi lao lililoandikwa vizuri: tunaiomba Serikali iishawishi kampuni itoe kurasa mbili, ili mashine zake zifanye kazi na mfumo huria.

Ofisa wa dirisha la tatu aliligeuza ombi juu chini.

"Hili linahusu wasioona?"

"Ndiyo, bwana."

"Mbona limeandikwa kwa wino? Kanuni inataka ombi la wasioona liletwe kwa nukta nundu."

"Lakini mashine ya kuchapa nukta nundu ndiyo tunayoiombea," Fidelis akasema.

"Vizuri. Basi mkishaipata, chapeni ombi mlete."

Walirudi Kwamtima. Wanafunzi wakachukua vibao na kalamu za chuma, wakalitoboa ombi kwa mkono, nukta moja moja, kwa siku tisa. Sikudhani, mtahiniwa mwenye ulimi mkali kuliko wote, alimaliza ukurasa wa mwisho akajipuliza vidole.

"Mwalimu, mimi nimeongeza salamu zangu hapo chini."

"Umeandika nini?"

"Nimemuuliza kama mkewe anajua anakofanyia kazi."

Hapakuwa na hatari yoyote. Ofisa aliipokea ile bahasha nene, akaipapasa, akasema hajui kusoma nukta nundu, akaiweka katika jalada la mambo yaliyoshughulikiwa.

* * *

Hata hivyo ombi lilifika juu, kwa sababu katika Shangweni jalada likiwa nene hudhaniwa ni muhimu. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Injinia Ngwegwe, akaja Kwamtima pamoja na mwakilishi wa kampuni, Bwana Kufuli wa Tatu, mtu mwembamba aliyevaa funguo kumi na mbili kiunoni na hakuna aliyewahi kumwona akifungua kitu.

Waziri alisimama mbele ya wanafunzi wasioona, akakohoa, akatoa methali ya siku.

"Mwenye macho haambiwi tazama!"

Sikudhani akasimama.

"Ndiyo maana sisi tumekuja kuambiwa, Mheshimiwa. Kurasa mbili zinatosha."

Wanafunzi wakacheka, ila kwa midomo tu; mikono waliikalia. Karani wa Makofi alitikisa chombo chake, akaona sindano imelala, akaandika sifuri.

Bwana Kufuli wa Tatu akaeleza kwa upole. Kampuni yake inawapenda sana wasioona. Kampuni yake inaupenda mno mfumo huria, hata babu yake aliupenda. Lakini mashine nayo ina heshima zake. "Mnaniambia nieleze hadharani mashine yetu inavyoamrishwa. Ndugu zangu, je, kuna mtu kati yenu anaweza kumvua nguo mgeni mbele ya ukumbi?"

"Tumeinunua," Tunu akasema kutoka nyuma. Halikuwa jambo la kawaida kwake kusema mkutanoni. "Si mgeni, Bwana. Ni ya shule."

"Mmenunua mwili, mama. Roho yake imebaki kwetu."

Waziri alilipenda sana jibu hilo, akaomba aandikiwe. Kisha akatangaza kuundwa kwa Kamati ya Kuishawishi Kampuni, yenye wajumbe kumi na tisa. Kumi na wanane walikuwa wa kampuni, ili kampuni isije ikalalamika kwamba inashawishiwa na wageni. Wa kumi na tisa alichaguliwa kutoka Kwamtima. Wanafunzi walimtaja kwa sauti moja: Fidelis.

"Nitazileta hizo kurasa," alimwambia Tunu wakati anaondoka. "Hata kama ni kuzipigia magoti, nitazileta."

Tunu alimfungia chapati nne ndani ya gazeti.

* * *

Kikao cha kwanza Fidelis alirudi amekasirika. Cha pili alirudi amechoka. Cha tatu kilifanyika kwenye hoteli ya ufukweni kwa muda wa siku tano, na alirudi anaitwa mdau. Baada ya cha nne akaanza kusema "tukitazama pande zote mbili". Tunu alimuuliza upande wa pili ni upi, akacheka, akamwambia, "Dada, mambo haya ni mapana."

Tunu hakumshuku. Mtu aliyemvika nduguyo viatu vya kaburini unamshukuje?

Baada ya kikao cha sita Fidelis alikuja shuleni amevaa suti, akaketi meza ya nyuma karibu naye. Darasani Elikana alikuwa akiwasomea wanafunzi habari za vita vya chumvi.

"Wanakaribia kukubali," Fidelis alinong'ona. "Wahandisi wao wanataka kusikia sauti yetu inavyofanya kazi, ili mashine iweze kuitamka. Nipe zile kanda za asili, za stoo."

"Zote?"

"Zote elfu sita. Nitazirudisha mwenyewe."

Kanda hizo Tunu alikuwa amezifunga kwenye khanga ya mama yao. Hakuwa amempa mtu kuzishika tangu mazishi. Alikwenda nyumbani akazileta, khanga na yote, akazikabidhi kwa mikono miwili.

"Ile ya M aliyowikia jogoo pia imo," alisema. "Usiwape hiyo. Iache kwetu."

"Siwezi kuwapa hiyo, dada."

* * *

Siku ya Makubaliano ilifanyika kwenye uwanja wa shule, wiki mbili kabla ya mtihani. Palikuwa na hema, matarumbeta na keki yenye umbo la kompyuta. Kitambaa juu ya jukwaa kiliandikwa KUFULI NA WANA YAUNGA MKONO MFUMO HURIA. Tunu alipokisoma, moyo wake uliruka, lakini mtu aliyezaliwa Shangweni hashangilii kitambaa. Aliwapanga wanafunzi wake mstari wa mbele akawaambia, "Leo tunaikalia mikono mpaka makubaliano yasomwe neno kwa neno. Mmenielewa?"

"Tumeelewa, mwalimu."

"Hata keki ikipita?"

"Hasa keki ikipita," Sikudhani akajibu.

Waziri akasema haba na haba hujaza kibaba. Mikono ikakaliwa. Bwana Kufuli wa Tatu akasema anawapenda. Mikono ikakaliwa. Karani wa Makofi, aliyepewa kofia mpya kwa ajili ya siku hiyo, alianza kuingiwa na wasiwasi. Ndipo akaitwa Fidelis.

Alisogea mbele ya kipaza sauti. Wanafunzi walimtambua kwa kukohoa kwake.

"Sitaki makofi kwa ajili yangu," alisema taratibu. "Wala kwa ajili ya Mheshimiwa, anisamehe. Wala kwa kampuni. Lakini hapa shuleni palikuwa na mtu. Aliingia kwenye stoo ya magodoro akiwa tayari anaumwa, na hakutuambia. Alisoma maneno elfu sita ili ninyi msikie lugha ya mama zenu. Nilimvika viatu mimi. Vilikuwa vimembana, nikavilegeza kamba. Mwalimu Elikana Kizota hajawahi kupigiwa makofi hata siku moja katika nchi hii. Asiyempenda na asipige."

Nani angekaa? Sikudhani alikuwa wa kwanza. Mstari mzima ukainuka, wanafunzi mia na tisini, wapishi, walinzi, na Mwalimu Tunu Kizota nyuma yao, akilia kwa mara ya kwanza mbele ya watu, akipiga makofi hadi pete ikamkata kidole. Miaka mitatu alikuwa akingoja mtu amtaje ndugu yake kwa sauti kubwa.

Sindano ilipanda ikagota. Karani akagonga kengele.

"Yamepita!"

Ndipo makubaliano yakasomwa, kwa kuwa sasa yalikuwa sheria na hapakuwa na ubaya kuyasoma. Kampuni ya Kufuli na Wana inaunga mkono mfumo huria kwa moyo wake wote, na kama ushahidi itabandika stika ya kueleza hivyo kwenye kila mashine. Kompyuta za Kwamtima zitafutwa na kuwekwa mfumo wa kampuni. Sauti ya marehemu Elikana Kizota, pamoja na kanda zote za asili, ni mali ya kampuni milele. Ndugu wa marehemu ameridhia hadharani. Karani amethibitisha kwamba alipiga makofi kwa dakika mbili na nusu, na kwa mujibu wa kanuni kofi la mfiwa huhesabiwa mara saba.

Kurasa mbili hazikutajwa. Keki ikakatwa.

* * *

Tunu alimkuta Fidelis nyuma ya hema, anakula keki kwa uma wa plastiki.

"Fide."

"Dada Tunu. Najua unavyojisikia."

"Hujui. Niambie tu, ulijua kwamba nitapiga?"

Aliiweka sahani chini.

"Nilijua."

"Ulitunga wewe yale maneno, au walikutungia?"

"Nilitunga mimi. Na ni ya kweli yote. Viatu vilimbana kweli."

"Ya kweli," Tunu akarudia.

"Dada, nimesimama upande wa haki miaka kumi na moja. Nimeandika barua, nimegonga milango, nimewafundisha watu bure. Nimesimama na haki mpaka soli zimeisha. Hata mashine moja haijawahi kukubali. Wale watu hawatoi kurasa mbili, hawatazitoa hata dunia ikiisha. Angalau sasa Elikana atasikika nchi nzima. Kila mashine itazungumza kwa sauti yake. Si ndicho alichotaka?"

"Alitaka kila mtu awe nayo. Umempa mmoja."

"Wamenipa ofisi," alisema kwa sauti ya chini, kama anayeungama. "Nitakuwa Mkurugenzi wa Uhuria. Nitabadilisha mambo nikiwa ndani."

"Khanga ya mama iko wapi?"

Fidelis alitazama pembeni. Kumbe ile khanga ilikuwa imeandikishwa pamoja na kanda, kama kifungashio, na vifungashio navyo vilikuwa vya kampuni.

* * *

Asubuhi ya mtihani watahiniwa thirathini na mmoja waliketi darasani. Mashine ilisimama pembeni, stika yake inang'aa. Msimamizi kutoka Wizara akaiamuru ianze. Ilinguruma, ikatoa karatasi zenye nundu nzuri, wazi, zilizopangika kama meno ya mtoto. Wizara baadaye iliandika katika taarifa yake kwamba kazi ya mashine ilikuwa ya kiwango cha kimataifa, na ni kweli. Watahiniwa tisa walipata karatasi zao.

Ilipofika kwa wa kumi, ikanyamaza. Kisha ikasema, kwa sauti ya mwalimu wa historia aliyekuwa na mafua kidogo kwenye herufi ya N:

"Samahani. Kurasa mlizoruhusiwa zimekwisha. Tafadhali wasilianeni na Kufuli na Wana."

Hawakuwa wameisikia sauti ile kwa wiki mbili, tangu kompyuta zao zilipofutwa.

"Mwalimu?" akaita Sikudhani, ambaye alikuwa wa kumi. Aliinuka akaifuata mashine kwa mikono, akauweka mkono juu ya bati lake. "Mwalimu Elikana, ni sisi. Tumebaki ishirini na wawili."

"Samahani," ikasema mashine kwa upole ule ule. "Kurasa mlizoruhusiwa zimekwisha."

"Ni mimi, Sikudhani."

"Tafadhali wasilianeni na Kufuli na Wana."

Sikudhani alisimama hapo, mkono bado juu ya bati. Msichana ambaye hakuwahi kukosa jibu alimgeukia Tunu, na uso wake ulikuwa wa mtoto mdogo.

"Mwalimu Tunu, huyu si Mwalimu Elikana?"

Tunu alikuwa meza ya nyuma. Alinyanyuka, akapita katikati ya madawati, akafika kwenye ukuta ambapo waya wa mashine uliingia.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Huyu simjui."

Akauchomoa waya.

Msimamizi alimwonya kwamba kuigusa mali ya kampuni wakati wa mtihani ni kosa, na kwamba matokeo ya chumba kizima yanaweza kufutwa. Tunu alimwomba nakala ya maswali ya wenye macho. Msimamizi alikataa. Tunu akaichukua mwenyewe mezani, akavuta kiti mbele ya darasa, akaketi.

Sauti yake haikuwa nzuri. Ilikuwa nyembamba, yenye mikwaruzo, na neno la kwanza lilimkwama.

"Samahanini," alisema. "Swali la kwanza."

Thirathini na mmoja wakachukua vibao vyao na kalamu za chuma, hata wale tisa waliokwisha kupata karatasi. Alipofika swali la pili, msimamizi alikuwa ameshaanza kuandika majina yao.